Masega, Tochi na Shikamoo: Mafunzo Niliyopata Gerezani

Nimeuza spea Gerezani tangu kabla ya kituo cha mwendokasi kufunguliwa pale 2016. Vijana wanaokuja dukani wote wana mpango: huyu anataka IST ya kufanyia taksi ya mtandao, yule anadunduliza Hiace ya pili. Nawapenda, maana nami nilikuwa hivyohivyo. Ila wananiuliza bei tu. Makosa yangu hakuna anayeyauliza, basi nayaandika bila kuulizwa.

1. Ukijiona umempunja mnunuzi, hesabu upya

Gari langu la kwanza, Corolla, lilishuka bandarini na masega yake kamili kwenye ekzosi. Siku moja likaanza kuwa zito. Fundi wangu wa chini ya mwarobaini akalisikiliza, akasema, "Mzee, gari limebanwa pumzi. Tukitoa haya masega litaruka." Msumeno ukapita, bomba tupu likachomelewa, na jamaa wa vyuma chakavu akanilipa papo hapo. Niliondoka kifua mbele: nimelipwa kwa kuondolewa uchafu!

Sikujua kwamba vile vitundu kama vya nyuki vimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kiasi chake ni kidogo mno, lakini mwaka 2021 wakia moja ya rodiamu ilipita dola 20,000, wakati dhahabu tunayoringia Geita ilikuwa chini ya 2,000. Mimi rodiamu yangu niliila kuku. Kuku mmoja, na soda.

Na gari, liliruka? Liliunguruma. Kwa siku mbili masikio yakaniambia lina nguvu, kisha likarudia uzito wake. Ugonjwa ulikuwa plagi: silinda moja inamisi, petroli isiyoungua inaingia kwenye masega na kuyachoma. Tulimkata mgonjwa pua kwa sababu ana mafua.

Simlaumu sana yule fundi. Alijifunza kazi enzi petroli yetu ina madini ya risasi, na risasi huyaua masega kabisa. Risasi iliondolewa kwenye petroli katikati ya miaka ya 2000. Msumeno haukupewa taarifa.

2. Kisichonuka ndicho cha kuogopa

Kila asubuhi nilikuwa nawasha gari nyuma ya duka, naliacha liungurume huku nakunywa chai kwa mama lishe wa jirani. Siku moja akaniambia, "Baba Rehema, gari lako linakunywa chai kabla ya wateja wangu." Nikacheka. Nikamjibu kwamba ni harufu tu, itapita.

Baadaye sana nikaja kuelewa masega yanafanya kazi gani. Yanachukua kaboni monoksaidi, gesi inayoizuia damu kubeba oksijeni, na kuigeuza kuwa hewa ileile tunayoitoa puani. Petroli isiyoungua nayo yanaimalizia. Sasa hiyo kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Nilipomwambia "ni harufu tu" nilikuwa nimeisoma karatasi juu chini: harufu ndiyo iliyokuwa inamwonya.

Wiki chache mbele nikakuta meza yake imehamia ng'ambo ya barabara. Hakunigombeza, hata salamu hakukata. Sheria nayo haikunigusa. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu 2007, lakini sikuwahi kumwona trafiki akiinama kuchungulia bomba langu. Aliyekuwa anainama usawa wa lile bomba kila siku, akipuliza mkaa, ni yeye.

3. Faini si nauli

Nilikuwa napenda kukimbia. Elfu 30 ya kupigwa tochi niliitenga kwenye bajeti ya safari ya Morogoro, pamoja na mafuta na mahindi ya kuchoma. Nikishalipa najiona nimeununua ule mwendo kihalali, kana kwamba trafiki ndiye mwenye barabara. Na nilikuwa nakimbilia wapi? Basi nililoliovateki Kibaha kwa mbwembwe nilikuwa nalikuta Chalinze, abiria wake wanakula mishikaki.

4. Mtoto hajaona taa uliyowashiwa

Siku moja nilishaipita Mlandizi, lori likaniwashia taa. Lugha hiyo unaijua: mbele kuna tochi. Nikashuka hadi 50, nikawapita trafiki kwa adabu ya mchungaji, mmoja nikampungia mkono. Kona ya kwanza, nikakanyaga. Kijiji kilichofuata nacho kilikuwa na kibao cha 50. Nilikiona. Nikapiga hesabu kwamba hakina mtu.

Nilikuwa 90 mtoto wa shule alipochomoka nyuma ya magunia ya mkaa. Breki zikalia, gari likaenda upande, kioo cha pembeni kikalipiga begi lake na madaftari yakatapakaa lami. Nilishuka nikiwa sina sauti. Alikuwa anatetemeka. Akanitazama, akasema, "Shikamoo."

Nikaitika, "Marahaba."

Hadi leo sijapata neno jingine ambalo ningemjibu. Akaokota madaftari yake, akaenda zake.

Kwa mwendo wa 90 gari linakula mita 25 kila sekunde. Mguu haujafika kwenye breki, umeshapita nyumba mbili. Na ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Hayo niliyasoma baada ya siku ile. Lakini kilichonishangaza zaidi si hesabu. Kilomita chache nyuma nilikuwa dereva mzuri, mzuri kweli, na uzuri wote huo nilimwekea trafiki.

Siku hizi simwashii mtu taa. Wenzangu wananiita mnoko. Anayetaka 160 namwelekeza stesheni ya treni ya SGR: tangu Juni 2024 inakwenda Morogoro, na njia yake ina uzio.

5. Kutoa ni bei ya kuku, kurudisha ni bei ya ng'ombe

Mwaka 2015 Volkswagen ilipoumbuliwa kwa kuweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi kwenye magari kama milioni 11, niliwacheka Wajerumani pale kijiweni. Wakati huohuo Corolla yangu ilikuwa na kipande cha chuma ambacho fundi alikichomeka kwenye sensa ya ekzosi ili taa ya chekiinjini isiwake. Tofauti yetu ni wingi wa magari.

Masega niliyarudisha, mtumba wa Japani, mitaa miwili tu kutoka pale nilipouza yangu. Bei mara tano. Muuzaji alinichangamkia kama shemeji.

Kwa hiyo ukija kununua gari lako la kwanza, na utalinunua tu, usianze na rangi. Inama uchungulie chini. Ukikuta bomba limenyooka tupu, mwambie mwenye gari arudishe masega kabla hujatoa hela. Akikataa, ondoka. Magari Dar ni mengi.