Familia ya Mfungwa: Somo kwa Watoa Huduma wa Kata

Hukumu ya kifungo hutamkwa kwa mtu mmoja, lakini katika kata kama Kamsamba huigusa kaya nzima. Aliyefungwa pengine ndiye aliyekodi shamba la mpunga bondeni, ndiye anayejua nani anamdai na nani anadaiwa, na ndiye mwenye namba ya simu ya mnunuzi wa ufuta. Mkewe huuanza msimu bila taarifa hizo. Aghalabu mtendaji wa kijiji, mwalimu na mhudumu wa afya husikia habari hiyo njiani, kama jirani mwingine yeyote.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika maeneo yao. Kosa la mzazi haliupunguzi wajibu huo. Hata hivyo, mtumishi asiyeandaliwa anaweza kuingia katika nyumba hiyo na swali la kwanza likawa, "Alifanya nini?" Swali hilo ni la mahakama, nayo imekwisha kulijibu. Swali la mtoa huduma ni hili: familia inajua nini, na haijui nini?

Jambo la kwanza ambalo familia nyingi hazilijui ni muda wa rufaa. Anayepinga uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kwa kesi ya jinai iliyoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Siku 10 ni chache mno. Ndugu wakikaa wiki mbili wakishauriana nani aende mjini, siku hizo zimekwisha. Mfungwa anaweza kuwasilisha kusudio lake kupitia mkuu wa gereza, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria ambao familia inaweza kuelekezwa kwao.

La pili ni shamba. Kifungo si kifo, wala hakifungui mirathi. Shemeji wakianza kugawana eneo la aliyefungwa, mtendaji hana budi kulisema hilo mapema na kuupeleka mgogoro katika Baraza la Ardhi la Kijiji kabla mbegu hazijatiwa ardhini.

Kwa mtoto, jambo huwa gumu zaidi. Anaweza kuambiwa kwamba baba amekwenda Chunya kuchimba dhahabu, kisha mwenzake akamwambia ukweli uwanjani. Si kazi ya mwalimu kuutoboa uongo huo. Kazi yake ni kumwita mlezi faraghani na kumsaidia kupata maneno machache ya kweli yanayolingana na umri wa mtoto. Utoro na usingizi darasani visichukuliwe upesi kuwa utovu wa nidhamu. Huenda mtoto huyo ndiye anayewinga ndege mpungani tangu alfajiri.

Kuhusu kumtembelea mfungwa, Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na familia yake na kuijulisha anapohamishwa. Hata hivyo, kabla mama hajauza gunia la mpunga apate nauli ya kwenda Mbeya, Afisa Ustawi wa Jamii apige simu gerezani na kuhakikisha kwamba mhusika bado yupo huko, na siku za kuwaona wafungwa ni zipi. Simu hiyo ya dakika chache inaweza kuokoa chakula cha mwezi.

Pale aliyefungwa alipoidhuru familia yenyewe, ziara isihimizwe. Mke na watoto waulizwe kila mmoja peke yake, mbali na wakwe, na jibu la "hapana" liheshimiwe. Kwa kaya hizo, tarehe ya kuachiliwa ndiyo ya kufuatiliwa zaidi, ili Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto iwe imekwisha kukutana nao kabla mtu huyo hajabisha hodi.