Kiwanda, Mto na Sheria

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mtu akifungua biashara amekwisha kuyavulia nguo. Sharti ayaoge maji ya sheria. Habari za leseni na ushuru tunazijua, lakini tukiulizwa kuhusu sheria za mazingira tunakuna vichwa. Ndugu msomaji, hebu tuzichambue, tukianzia hapa hapa kwetu Kanja.

Msimu wa kahawa ukifika, wazazi huchuma matunda mekundu na kuyapeleka kiwandani. Huko humenywa, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa. Karo za wengi wetu hutoka humo. Lakini je, maji yaliyooshea kahawa huenda wapi? Maji hayo yamebeba sukari na utelezi wa matunda. Yakimwagwa mtoni, vijidudu hula vitu hivyo na kumaliza oksijeni iliyomo majini. Samaki hukosa pumzi, na maji hunuka. Tena mito yetu, kama Thuci na Ena, haiishii kwetu. Maji yake huteremka hadi Tana, na huko chini kuna watu wanaoteka.

Ndiyo maana kuna sheria. Iliyo kubwa ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyoanzisha mamlaka tunayoiita NEMA. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Haya ndiyo mambo makuu ambayo mfanyabiashara anapaswa kujua:

1. Kabla ya kuanza mradi unaoweza kudhuru mazingira, afanyiwe tathmini ya athari zake na kupata leseni. Wenyeji nao waulizwe maoni. Baada ya kuanza, atakaguliwa.

2. Asimwage maji machafu ovyo. Kanuni za maji za mwaka 2006 zilikata maneno: maji ya kiwanda yasafishwe kwanza, na kingo za mto zisilimwe wala kujengwa.

3. Mwenye duka asitumie mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Faini ni shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4.

4. Taka zitenganishwe, zinazooza mbali na zisizooza. Hii ni Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022.

5. Kelele pia ni uchafuzi! Kanuni za mwaka 2009 zinawahusu wenye baa na wapiga vipaza sauti.

Wako wanaosema ati sheria hizi zinaua kazi. Na wasikie habari za Owino Uhuru, kijiji kilichoko Mombasa. Mwaka 2007 kilifunguliwa huko kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Watu walifurahia ajira, kumbe sumu ya risasi ilikuwa ikiingia katika damu ya watoto wao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na taasisi za serikali zilizozembea zikabebeshwa sehemu ya lawama. Kesi ilikatiwa rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawapa wakazi ushindi. Lakini fedha hazimrudishi aliyekufa. Sheria ingefuatwa mapema, kesi isingekuwapo.

Basi, kiwanda cha kahawa kisifungwe, tunakihitaji. Kichimbe mashimo ya maji machafu mbali na mto, kitumie maji yale yale zaidi ya mara moja, na maganda yageuzwe mbolea. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya mto uliokufa. Wazazi wetu ndio wenye vyama vya ushirika. Waulize swali hili mkutanoni. Nasi tuwakumbushe.

Zoezi
1. Kwa nini maji ya kuoshea kahawa hudhuru samaki?
2. Taja mambo mawili ambayo mwenye duka sharti ayatii.
3. "Mto hauna mwenyewe." Jadili, ukirejelea kifungu cha 42 cha Katiba.