Mdogo wangu, nishati nayo ni mtaji

Mdogo wangu wa Morogoro ameniuliza swali ambalo najua wengi wenu mnalo. Anauza chakula na juisi baridi, wateja hawakosekani, lakini mwezi ukiisha haoni faida. Sasa anataka kupandisha bei ya sahani. Namwambia: subiri kwanza. Kabla hujamgusa mteja, kagua mkaa, LUKU na petroli yako.

Chukua daftari. Kwa wiki mbili andika kila shilingi iliyokwenda kwenye nishati, kisha igawanye kwa sahani na glasi ulizouza. Ongeza na hasara zisizo na risiti: juisi iliyochacha umeme ulipokatika, wateja walioondoka kwa sababu chakula kilichelewa. Wengi wetu tunaijua bei ya mchele kila Jumamosi, lakini gharama ya moto wa kuupikia hatuijui.

Kisha tenganisha kazi. Vyombo vya joto ndivyo vinavyomaliza uniti. Birika la wati 2,000 likiwaka saa nzima linakula uniti 2. Balbu ya wati 10 huwaka saa 100 ndipo imalize uniti moja. Kwa hiyo sola ndogo ikupe taa na chaji ya simu, usiitegemee kupika. Maharage yapeleke kwenye jiko la presha la umeme, kwa sababu hutunza joto na kilo moja huiva kabla uniti moja haijaisha. Linganisha hapo na mkaa unaoumaliza kwa maharage hayohayo. Gesi ibaki kwa vya kukaanga, na jenereta lisubiri dharura, maana kulitegemea kila siku ni kumfanyia kazi muuza petroli.

Na usiegemee chanzo kimoja. Nchi yetu ililipa ada ya somo hili. Mwaka 2006 na tena 2011, ukame ulikausha mabwawa ya umeme, Mtera likiwamo, na mgawo ukaingia mitaani. Viwanda vikawasha majenereta, mitambo ya dharura ya mafuta ikakodiwa, na mafuta hayo tunayanunua nje kwa dola. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kutuzalishia umeme mwaka 2004, ilitubeba, na mwaka 2015 likaja bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Leo tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Ni hatua kubwa ya kujivunia, lakini nalo linangoja mvua, kwa hiyo gesi, jua na upepo lazima viende nalo sambamba. Majirani zetu Kenya wana mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao kiangazi hakiupunguzi.

Haya si mambo ya wakubwa peke yao. Umeme ukipanda bei au ukikatikakatika, mwenye mashine ya kusaga hupandisha bei ya unga, au hupunguza vibarua. Unga ukipanda, sahani yako inapanda. Kibarua akikosa kazi, umepoteza mteja. Umeme wa uhakika na wa bei inayobebeka humwezesha mwenye mashine huyohuyo kuongeza zamu na kuajiri. Uchumi unakua hivyo, mtaa kwa mtaa.

Kama fedha za jiko jipya hazipo, jiungeni katika kikundi mkaombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, uliotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nendeni na daftari mkononi, mwonyeshe nishati inavyowagharimu sasa na mtakachookoa. Na ukishaokoa, mdogo wangu, usikile chote. Ongeza meza, kisha mwajiri binti mmoja wa mtaani kwako na umlipe vizuri.