Miaka Miwili Haifungi Ndoa: Mwongozo kwa Wanaoishi Kinyumba

Kijitabu hiki kimetolewa kwa sababu ya malalamiko ya aina moja yanayofika kwenye meza zetu za msaada wa kisheria kila wiki. Mwanaume amefariki, matanga yameanuliwa, kikao cha ukoo kimeketi, na mwanamke aliyekaa naye miaka anaambiwa afungashe. Anajibu: "Sheria inasema tukikaa miaka miwili mimi ni mke." Sheria haisemi hivyo. Tumelieleza jambo hili mitaani na redioni, na wengi waliotusikiliza wameokoa nyumba zao. Wasiosikiliza ndio tunaowaandikia.

Kifungu chenyewe

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, mahakama itachukulia kuwa wana ndoa. Hiyo ni dhana, na dhana hupingwa kwa ushahidi. Kinachoivunja mara nyingi ni karatasi moja: cheti cha ndoa ya mke mmoja, ya kanisani au ya bomani, ambayo haijavunjwa. Kifungu cha 15 kinamkataza mwenye ndoa hiyo kufunga nyingine. Ukae naye miaka miwili au ishirini, mjenge, mzae, bado hujaolewa. Akikwambia "tulishaachana zamani", mwombe amri ya mahakama ya talaka. Kutengana si talaka.

Wengine hutuletea shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali. Uamuzi mzuri, na tunaujivunia kama taifa. Lakini Bi Hawa alikuwa mke wa ndoa.

Dhana ya ndoa ikivunjwa, kifungu hichohicho cha 160 kinamruhusu mwanamke kuomba matunzo yake na ya watoto. Kuomba si kupewa. Masharti ni mengi, na Zanzibar wana sheria zao; muulize msaidizi wa kisheria.

Mtoto ana haki katika mirathi, mama hana

Mgawanyo huu wa mtoto na mama una mizizi mirefu Pwani. Katika sheria ya Kiislamu iliyotawala Unguja karne ya 19, mtoto wa suria (mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake) aliyekubaliwa na baba yake alizaliwa huru na alirithi sawa na ndugu zake. Masultani kadhaa walizaliwa na masuria. Mama hakurithi. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa iliwaacha masuria nje, na wakangoja hadi 1909. Leo hakuna suria, lakini mgawanyo huo bado tunauona kwenye mirathi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto asinyimwe kufaidi mali ya mzazi wake, huku mama anayeitwa nyumba ndogo akiondoka na begi lake.

Na si kukosa tu. Dini zetu zinauita uhusiano huo zinaa, na sheria inampa mwenye ndoa, mume au mke, haki ya kudai fidia ya ugoni kwa aliyezini na mwenzi wake. Utapona ukithibitisha kuwa hukujua, wala usingeweza kujua kwa kuchunguza ipasavyo. Kwa hiyo chunguza.

Kabla hujahamia

Uliza RITA, wakala wa usajili, kama mwenzako ana ndoa; uliza ofisi ya Mkuu wa Wilaya alikotoka, uliza parokiani au msikitini kwao. Tunasisitiza: uliza kabla ya kuhamisha kitanda. Mkikuta hakuna kizuizi, fungeni ndoa. Tangazo ni siku 21 tu.

Ambaye tayari anaishi kinyumba aanze leo kutunza karatasi. Mama mmoja alitufikia na risiti za saruji na mabati ndani ya mfuko wa rambo, zote zimeandikwa jina la mwanaume ingawa fedha zilitoka kwenye genge lake la mbogamboga. Hatukuwa na la kumshikia. Risiti iandikwe jina lako. Mkataba wa kiwanja uwe na majina yote mawili, na mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kiwe na jina la baba, angali hai.

Msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo ni bure chini ya sheria ya mwaka 2017. Njoo na nyaraka halisi pamoja na nakala.