Gari la Mzazi na Medicaid: Usikimbilie Kubadilisha Hati

Mzazi akishaanza kuhitaji kuangaliwa usiku na mchana, watoto wengi huku Marekani hukimbilia kuliandikisha gari lake kwa jina la mmoja wao. Wanaogopa kwamba gari litamkosesha Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Nawasihi msiiguse hati ya gari kabla hamjajua gari hilo linahesabiwaje. Mara nyingi gari lenyewe halina tatizo lolote, na ni haraka hiyo inayokuja kumgharimu mzee.

Medicare, bima ya serikali ya wazee, hailipii mtu kukaa makao ya wazee mwaka baada ya mwaka. Medicaid hulipia, lakini mwombaji mwenye miaka 65 na zaidi hupimwa mapato yake na mali yake pia. Katika majimbo mengi, Texas na Ohio yakiwemo, asiye na mwenzi hatakiwi kuwa na mali inayohesabiwa ya zaidi ya dola 2,000. Kwingine kiwango ni kikubwa zaidi, kwa hiyo fuata kanuni za jimbo anakoishi mzazi, si za jimbo lako wewe.

Katika hesabu hiyo, gari moja kwa kawaida huachwa nje. Liwe Corolla kuukuu au gari jipya la dola 40,000, haijalishi, mradi linatumika kumsafirisha yeye au mtu anayeishi naye. Mama akiwa haendeshi tena, na wewe ndiye unayemkalisha kiti cha mbele na kumpeleka kliniki, bado gari hilo linamtumikia.

Gari la pili ndilo la kuogopa. Pickup iliyolala uani miaka, gari la mjukuu ambalo babu aliweka jina lake ili mkopo upatikane, hata gari lililobaki Moshi au Nakuru kwa jina lake: yote yanatakiwa kutajwa kwenye fomu. Kinachohesabiwa ni bei ya soko ukitoa deni. Gari la dola 9,000 lenye deni la dola 5,000 huingia kwa dola 4,000, na hapo mzee tayari amepita kiwango. Ikiwa ana magari mawili, omba lile la thamani zaidi ndilo liachwe nje ya hesabu.

Sasa, kumpa mtoto lile la pili bure, au kumuuzia kwa dola moja, ndilo kosa ninaloliona zaidi. Mzazi akiomba kulipiwa makao ya wazee, ofisi hukagua alichotoa katika miezi 60 iliyopita. Thamani ya zawadi hugawanywa kwa gharama ya wastani ya mwezi mmoja ya makao ya wazee katika jimbo hilo. Tuseme gari lilikuwa la dola 14,000 na wastani ni dola 7,000: Medicaid itakataa kulipa kwa miezi miwili. Tena adhabu huanza wakati mzee ameshaishiwa na anahitaji kulipiwa, na bili hizo zitawaangukia ninyi. Aliyekuja kwa green card kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kustahiki, na katika miaka hiyo watu hugawa mali nyumbani Afrika bila wasiwasi. Hiyo nayo hukaguliwa.

Kwa hiyo uzeni kwa bei ya soko, hata kama mnunuzi ni mtoto. Chapisheni makadirio ya bei ya gari kutoka Kelley Blue Book ya siku hiyo, pigeni picha mikwaruzo na kutu, na malipo yapite benki. Fedha zikishaingia nazo zinahesabiwa, basi zitumieni kwa ajili ya mzee mwenyewe kabla mwezi haujaisha: meno ya bandia, vifaa vya kusikia, matairi ya gari linalobaki, au mkataba usiovunjika wa mazishi. Tunzeni kila risiti.

Akishaingia makao ya wazee, karibu mapato yake yote huenda huko. Sheria ya kitaifa inalazimisha abakishiwe angalau dola 30 tu kwa mwezi, na baadhi ya majimbo huongeza, lakini bima ya gari hailipiki kwa fedha hizo. Mkitaka kumsaidia, lipeni kampuni ya bima moja kwa moja, kwani fedha taslimu mkononi mwake zaweza kuhesabiwa kuwa mapato.

Akifariki, jimbo hudai kurudishiwa gharama za matunzo hayo kutoka kwenye mirathi ya aliyehudumiwa akiwa na miaka 55 au zaidi, na gari lililo kwa jina lake linaweza kuingia humo. Mjane au mgane akiwa hai, dai hilo husubiri.

Kabla ya kusaini chochote, pigieni simu huduma ya Eldercare Locator, 1-800-677-1116, muulizie ofisi ya wazee ya eneo lenu na msaada wa sheria wa bure. Nendeni na hati ya kila gari, barua ya deni, na taarifa za benki za miaka 5.