Magadi na Figo za Mama Mjamzito

Mlenda ni mboga mashuhuri ya Wagogo wa Mkoa wa Dodoma, nao huliwa kwa ugali wa uwele au wa mtama. Mpishi hutia magadi ili mboga ilainike upesi. Maharage nayo yakitiwa magadi huiva kwa kuni chache, na katika nchi kame faida hiyo si ndogo. Hata hivyo, magadi huingiza mwilini kitu ambacho ulimi haukitambui vema, yaani sodiamu.

Magadi safi ni mchanganyiko wa kaboneti ya sodiamu, baikaboneti ya sodiamu na maji. Katika gramu 226 za magadi hayo mna gramu 69 za sodiamu. Hivyo gramu 5 za magadi zina gramu 1.5 hivi za sodiamu. Chumvi ya uzito huohuo ina gramu 2, ambazo ndizo kipimo cha juu kwa siku kwa mtu mzima, kama lishaurivyo Shirika la Afya Duniani. Basi mama aliyepunguza chumvi lakini hakupunguza magadi bado hula sodiamu nyingi.

Figo huchuja damu na kuitoa sodiamu ya ziada katika mkojo. Mwanamke apatapo mimba, kazi ya kuchuja huongezeka kwa karibu nusu. Figo zenye afya huimudu. Lakini figo zenye ugonjwa hushindwa kutoa sodiamu yote. Maji hubaki mwilini, na shinikizo la damu hupanda.

Isidhaniwe kwamba magadi ndiyo chanzo cha kifafa cha mimba, wala kwamba kuyaacha ni kinga yake. Dalili za hatari ni shinikizo la 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20, protini katika mkojo, maumivu makali ya kichwa na macho kuona kiwi. Mama mwenye dalili hizo apelekwe hospitali bila kukawia.

Jikoni, maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi bila magadi, na vitamini B1, ambayo huharibiwa na magadi, huhifadhika zaidi.

Zoezi: Gramu 8 za magadi safi zimetiwa katika chungu cha watu 4. Kila mmoja atapata sodiamu kiasi gani?

Jibu: Gramu 0.6 hivi, karibu theluthi ya kipimo cha siku, kabla chumvi haijatiwa.