Kompyuta Ikigoma Kupanda Toleo: Okoa Daftari Kwanza

Katika somo la robo hii tunaacha kidogo visima na mashamba darasa, tuzungumzie kompyuta. Sababu ni kwamba kumbukumbu nyingi za miradi yetu siku hizi hazimo kabatini kwa mchungaji. Zimo kwenye kompyuta iliyoko sebuleni kwa mtunza hazina au kwa katibu wa kamati. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2025 tumekuwa tukipokea simu za aina moja: "Mratibu, nimejaribu kuweka Windows mpya, imegoma."

Chanzo chake kinajulikana. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza kipindi cha kawaida cha kuihudumia Windows 10. Kompyuta yenye toleo hilo haikuzimika siku hiyo, bali iliacha kupelekewa masasisho ya usalama, kama nyumba ambayo mlinzi wake ameondoka. Wenye kumbukumbu watasema haya si mageni: Windows XP ilifikia mwisho wake tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kwa hiyo watu wengi sasa wanajaribu kuhamia Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, na wapo wanaokwama njiani.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba kompyuta iliyokwama kupanda toleo, mara nyingi sana, haijapoteza kitu. Kazi ya kupandisha toleo imepangwa hivi: mfumo wa zamani huwekwa pembeni bila kutupwa, mpya hujengwa, na ikitokea hitilafu mashine huirudisha ile ya zamani mahali pake. Kwenye skrini utaona asilimia zikipanda, kompyuta ikijizima na kujiwasha mara kadhaa, kisha maneno ya Kiingereza yanayoeleza kwamba inayafuta mabadiliko iliyoyafanya. Hapo ndipo wengi hushika swichi. Ndugu msomaji, usizime. Kurudi nyuma huko kwaweza kuchukua saa nzima au zaidi kwenye mashine nzito, na maadamu kile kitaa kidogo cha diski kinamemeteka, mashine iko kazini. Kukata umeme katikati ndiko kunakoweza kuigeuza hitilafu ndogo kuwa kubwa. Kompyuta ya mezani haina betri, basi isipandishwe toleo bila UPS, na ile ya mpakato iwe imechomekwa kwenye chaji muda wote.

Jambo la pili ni hatari yenyewe, nayo haitoki kwa Microsoft. Huku kwetu kompyuta ikisumbua anaitwa fundi, na dawa anayoijua fundi ni "kupiga Windows": diski inafutwa, mfumo unawekwa upya, mashine inawaka vizuri, analipwa, anaondoka. Fundi hana kosa, ameombwa kompyuta iwake na imewaka. Lakini kilichokuwamo hakimo tena. Kukirudisha ni kazi ya wataalamu wachache, ni ghali, na mara nyingi hakirudi chote.

Tuangalie mfano wa Lingeka, huku Bariadi. Mwezi Novemba 2025 mtunza hazina wa kamati ya mradi alitupigia simu fundi akiwa tayari njiani. Kwenye kompyuta yake ya mezani mlikuwa na daftari la mradi wa kopa mbuzi lipa mbuzi: nani amepokea, mbuzi wake amezaa lini, nani amekwisha kulipa mtoto wa kike kwa jirani anayefuata, na nani bado. Daftari la karatasi liliachwa zamani, baada ya kamati kufurahia hesabu zinazojijumlisha zenyewe. Wanaofahamu mradi wa namna hiyo wanajua maana yake. Bila orodha, mbuzi wa kulipwa anageuka kuwa neno la mtu dhidi ya neno la mwenzake, na wajane walio kwenye foleni ndio wanaobaki na mikono mitupu.

Tulimwomba mama huyo jambo moja tu kwa simu: fundi akaribishwe chai, asiguse mashine. Kompyuta ilikuwa imeshajirudisha kwenye Windows 10 yenyewe. Akafungua, akalipata faili la mbuzi, akaliweka kwenye flashi na kulituma ofisini kwa WhatsApp. Faili hilo la orodha ni dogo kuliko picha moja ya simu. Kwa hiyo kabla hatujajua ugonjwa, mgonjwa wetu halisi alikuwa amekwisha kutoka hatarini, na yaliyobaki yalikuwa kazi ya kawaida ya ufundi.

Kazi hiyo huanza kwa kusoma namba. Mara nyingi Windows inapogoma huandika namba ya hitilafu inayoanza na 0x, na watu huifunga bila kuinakili. Inakili, au ipige picha kwa simu. Namba ya Lingeka ilikuwa 0x80070070, ambayo maana yake ni moja: nafasi kwenye diski haitoshi. Tulipotazama tukakuta diski imejazwa video za kwaya, za sherehe ya mavuno na za harusi, nyingine zimerudiwa mara tatu. (Naamini nusu ya kompyuta za sharika zetu zinaugua ugonjwa huu huu wa kwaya.) Video zikahamishiwa kwenye diski ya nje, pipa la taka la kompyuta likamwagwa, zikapatikana zaidi ya GB 20 zilizo wazi.

Jaribio la pili likaenda mbali zaidi, kisha likarudi nyuma likiwa na namba nyingine, inayoanza na 0xC1900101. Hii huwasumbua watu kwa sababu haitaji kifaa. Kwa kawaida inaelekeza kwenye zile programu ndogo zinazoiunganisha kompyuta na vifaa vyake, kama printa, modemu ya intaneti au kadi ya picha, na mara nyingine kwenye programu ya kukinga virusi iliyotoka kampuni nyingine. Njia ni kupunguza mzigo: chomoa kila kitu isipokuwa kipanya, kibodi na skrini, ondoa kwa muda hiyo programu ya virusi, kisha jaribu tena. Pale Lingeka printa ilichomolewa na programu yake ya zamani ikaondolewa. Mara ya tatu toleo jipya likakaa, na printa ikarudishwa baadaye kwa programu mpya.

Ikitokea kwako kompyuta haiwaki kabisa, bado usiite "kupiga Windows". Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, mashine huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo, ambamo mna njia ya kuondoa sasisho la mwisho au kurudi toleo la nyuma. Baadhi ya mashine zitakudai hapo ufunguo wa tarakimu 48, kwa kuwa diski yake imefungwa kwa siri. Ufunguo huo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha kompyuta mara ya kwanza, ndiyo maana tunasema uandikwe kwenye karatasi kabla ya kuanza. Njia hiyo ikishindikana, fundi anaweza kuichomoa diski na kuisoma kwenye kompyuta nyingine. Mwambie hivyo kwa maneno haya: "Nataka faili kwanza, Windows baadaye." Na kwa aliyefanikiwa kupanda lakini akaona mambo hayaendi, kuna siku 10 za kurudi toleo la zamani kupitia mipangilio ya mfumo, sehemu ya kurejesha. Ndani ya siku hizo usifute folda iitwayo Windows.old, kwa maana ndiyo njia yako ya kurudi.

Ziko pia mashine ambazo hazitapanda hata zikiombewa. Windows 11 inadai kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Kwa mashine za Intel, orodha rasmi kwa ujumla inaanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kuangalia TPM, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika tpm.msc, kisha bonyeza Enter. Usikate tamaa upesi, kwani wakati mwingine kijisehemu hicho kipo ila kimezimwa kwenye mipangilio ya awali ya mashine, na fundi hukiwasha kwa dakika chache. Kisipokuwapo kabisa, Microsoft ilifungua mpango wa kuwapa watumiaji wa nyumbani masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo, njia ya heshima kwa mashine nzee ni Linux, ambayo ni ya bure na haidai TPM. Programu ya LibreOffice hufungua majedwali ya Excel bila shida kubwa. Wanaodhani haya ni mambo ya wageni wakumbuke kwamba mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice.

Hapa naomba niseme neno kwa marafiki wetu wanaotutumia kompyuta zilizotumika. Tunashukuru kwa moyo. Lakini tunaomba, kabla ya kufunga kasha, itazamwe kama mashine inakubali Windows 11, kwa sababu gharama ya kuitoa bandarini Dar es Salaam na kuifikisha Bariadi ni ile ile kwa inayokubali na isiyokubali. Na bajeti ya kompyuta moja iwe na UPS na diski ya nje ndani yake. Wakaguzi wetu wameviita vitu hivyo vya ziada. Sikubaliani nao.

Mwisho ni habari ya bando. Kupakua Windows 11 hula GB kadhaa, na kila usharika ukipakua wenyewe ni fedha ya sadaka inayokwenda hewani. Ofisi imepakua mara moja na kuweka kwenye flashi ya GB 8. Flashi ikichomekwa kompyuta ikiwa imewaka, faili lake la kuanzisha likafunguliwa na ukachagua kubakiza faili zako, kazi hufanyika bila kufuta kitu. Kamati inayoihitaji ilete barua iliyosainiwa na mtunza hazina, ikiwa na nakala ya madaftari yake kwenye flashi nyingine. Nakala hiyo itabaki ofisini.